Kabla Mzee Hajasema "Ila"

Mtu wa kwanza kufa mikononi mwa darasa langu aliinuka, akajipangusa vumbi, akaniomba chai. Aliitaka yenye tangawizi. Nilipomwambia kwamba ameshakufa na maiti hanywi chai, alinijibu kuwa hajapata kuona msiba usio na chai, na kwamba akifa tena atachagua chuo kingine.

Alikuwa Mzee Mihayo, mkulima wa Kwihara. Jina hilo kwa Kinyamwezi ni "maneno", na wazazi wake hawakukosea kumpa. Tulikuwa tumemlaza uwanjani kwa zoezi la kuokoa majeruhi wengi, na kilichomuua ni adabu. Nyinyi mnaoanza kuvaa sare nyeupe sasa mnafundishwa somo hili kwa picha za ukutani, kwa hiyo nitaeleza lilivyofundishwa enzi zetu. Itabidi nianze mbali kidogo.

Mimi ni mtoto wa fundi cherehani wa mjini Tabora. Siku yangu ya kwanza kazini niliripoti hospitali moja ya wilaya upande wa Nzega, viatu vyangu vyeupe nimevishika mkononi kwa sababu ya matope. Metroni, yaani mkuu wa wauguzi wa hospitali, alinitazama miguu, akatazama viatu, akasema, "Viatu vimefika safi. Tutaona na mwenyewe." Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, na sikuwahi kumwona akikimbia. Alituambia muuguzi anayekimbia wodini anawaambia wagonjwa kwamba nyumba inaungua.

Nilikuwa bado mgeni pale, Kisukuma changu kinatosha kuombea maji tu, ilipotokea harusi ya Lusu. Chakula cha harusi kilikuwa kimechacha, na watu wakaanza kuletwa kwa baiskeli na mikokoteni ya ng'ombe, wengine wamevaa nguo zao nzuri za sherehe, wanatapika na kuharisha. Wauguzi wote tulimkimbilia mjomba wa bwana harusi. Alikuwa akipiga kelele kwamba anakufa, na alizipiga vizuri. Metroni alisimama mlangoni akatuita kwa sauti yake ile ile ya siku zote.

"Anayepiga kelele ana pumzi," alisema. "Nendeni kwa aliyenyamaza."

Aliyenyamaza alikuwa shangazi wa bibi harusi, amekaa kwenye kona, midomo imekauka na macho yameingia ndani. Tulimwekea dripu mbili, moja kila mkono, na jioni aliweza kuuliza kama keki imebaki. Siku ile nilijifunza nusu ya somo. Nusu ya pili nilikuja kufundishwa na Kwihara.

Kutoka Nzega nilihamishiwa Sikonge, kwenye kituo cha afya kilichozungukwa na miombo, mizinga ya nyuki na mashamba ya tumbaku. Huko nilikaa muda mrefu na nilikupenda. Wakati wa mavuno, wagonjwa wa nje walikuwa wakikaa foleni huku mikono yao inacheza hewani bila wenyewe kujua, kwa mazoea ya kufunga majani ya tumbaku kwenye fito kabla ya kuyapandisha kwenye bani, kile kibanda cha kukaushia. Wana fundo lao: linakaza kwa uzito wa majani, lakini ukivuta ncha moja tu linaachia lote. Nilijaribu kulifunga mara nyingi wakanicheka. Walisema mtoto wa cherehani hajui kamba.

Kisha nikarudishwa Tabora kufundisha chuo cha uuguzi. Mkuu wa Chuo alikuwa Mzaramo, mrefu, mwenye filimbi shingoni kama mwamuzi wa mpira. Alinipeleka Dar es Salaam kusomea maandalizi ya maafa, na niliporudi alinikabidhi somo zima. "Basi moja likipinduka," aliniambia, "wauguzi wetu wanajua kumtibu mtu mmoja. Wafundishe kuwatibu wote kabla hawajamtibu yeyote."

Alikuwa amelieleza vyema kuliko kitabu. Siku ya kawaida muuguzi humpa mgonjwa mahututi kila alichonacho. Siku ya maafa majeruhi ni wengi kuliko mikono, na ukimkumbatia mmoja, wengine wanakufa nyuma ya mgongo wako. Kwa hiyo kuna triaji, yaani kuwapanga majeruhi kwa kadiri ya uharaka wao. Kwanza unapaza sauti: anayeweza kutembea aje huku. Hao ni kijani, watasubiri. Waliobaki unampitia kila mmoja kwa muda mfupi sana: anapumua, mapigo ya mkono yakoje, ukibonyeza ukucha rangi inarudi upesi au inachelewa, ukimwambia akubane mkono anabana. Asiyeweza kungoja ni nyekundu. Anayeweza kungoja chini ya uangalizi ni njano. Nyeusi ni ya aliyekwisha kutangulia.

Kadi za rangi zilizotumika Dar es Salaam hatukuwa nazo. Nilikwenda kwa baba, kwenye baraza lake la ushonaji, nikamwomba anikatie vitambaa vya kufunga mkononi kutoka kwenye mabaki yake. Alikata vyekundu, vya njano, vya kijani. Alipofika kwenye cheusi aliuliza ninataka vingapi. Nikasema vichache tu.

"Nitakata kimoja," alisema. "Muazimane."

Kwihara tuliichagua kwa sababu iko karibu na mjini na uwanja wa shule yake ni mpana. Tena ni kijiji kilichozoea wageni wa kila namna tangu wapagazi walipokuwa wakitua mizigo yao pale, na hadi leo watalii wanakuja kulipiga picha lile tembe la kale, nyumba ya udongo ya enzi za misafara. Wanakijiji walikubali kuwa majeruhi kwa wali na maharage. Kila mmoja nilimfundisha ugonjwa wake. Mzee Mihayo nilimpa kazi ngumu: amepigwa tumboni, anavuja damu ndani kwa ndani, akili zake timamu lakini asipotangulizwa anakufa. Tulimpaka wekundu kidogo kwenye shati na kumlaza.

Aliyemfikia alikuwa mwanafunzi wangu Nyamizi, binti wa familia ya Kimoraviani kutoka Sikonge, msichana hodari na mwenye malezi. Alipiga goti.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo?"

"Sijambo. Pole sana, babu. Hali yako?"

"Nzuri tu, namshukuru Mungu. Nyumbani hawajambo?"

Nyamizi alijibu kwamba hawajambo, akamfunga kitambaa cha kijani, akaenda kwa mwingine. Filimbi ikalia. Mkuu wa Chuo alikuja akasimama juu ya Mzee Mihayo, akatangaza mbele ya uwanja mzima kwamba mzee huyu amekufa.

Mzee alifungua jicho moja. "Nani kasema?"

"Mimi."

"Wewe Mzaramo?" Alijiinua kwa kiwiko. Mnaujua utani wetu na watu wa Pwani, ule walioutengeneza babu zetu njiani na mizigo kichwani. "Haya, nimekufa. Lakini mtani ndiye anayechimba kaburi. Jembe lako liko wapi?"

Uwanja ulicheka mpaka maiti wengine wakakaa kitako. Ndipo akainuka akaja kuniomba ile chai. Nyamizi hakucheka. Alikuja kwangu na machozi, ananiambia, "Mwalimu, si alisema nzuri?"

Nilikaa naye kivulini mwa darasa tukaliangalia jambo hilo. Kwetu mtu huulizwa hali ili aijibu vizuri. Hata aliyetoka kuzika huanza na "nzuri", halafu anameza mate, anatazama pembeni, ndipo anasema "ila". Ila mtoto anaumwa. Ila mvua imetuharibia. Habari yenyewe iko nyuma ya "ila", na mtu mwenye adabu huingoja. Kwenye triaji hakuna muda wa kuingoja. Nyamizi alikuwa ameondoka kabla mzee hajasema "ila", na kitabu nilichotoka nacho Dar es Salaam hakikuwa na neno hata moja kuhusu hilo.

Mkuu wa Chuo alikuwa na dawa yake. Alipiga marufuku salamu. Majeruhi hasalimiwi, alisema, anapimwa.

Zoezi la pili lilivunjika kabla ya nusu saa. Wanafunzi walimwendea kila mtu kimya kimya, wakamshika mkono, wakabonyeza kucha. Wazee walivumilia mwanzoni. Kisha bibi mmoja aliyelala karibu na goli aliuvuta mkono wake akageuzia uso pembeni. "Mtoto anakushika kama anachagua nyanya sokoni," alisema, "hata shikamoo hana. Mimi simbani mkono." Wa pembeni yake naye akagoma. Mwanafunzi mmoja, akijaribu kuokoa mambo, alipaza sauti kama alivyofundishwa kwamba anayeweza kutembea aje huku. Mzee Mihayo aliyekuwa amevunjika miguu yote miwili siku hiyo alisimama, akasema amepona, akawaongoza majeruhi wote kwenda kwenye sufuria la maharage.

Mkuu wa Chuo hakukasirika kwa kelele, na hilo lilinitisha zaidi. Aliniita ofisini akaniambia atatupa zoezi moja tu. Likiharibika, somo litarudi darasani, litafundishwa kwa ubao na kufanyiwa mtihani kama mengine. Nilijua maana yake. Nilikuwa nimeona harusi ya Lusu. Wale wauguzi wote waliomkimbilia mjomba walikuwa wamefaulu mitihani yao. Wanafunzi wangu wangetoka chuoni wanazijua rangi nne kwa kuzikariri, na siku ya basi wangemwacha mzee wa watu afe kwa sababu amejibu vizuri.

Jibu nililiona barazani kwa baba. Nilikuwa nimekaa nanywa kahawa, namsikiliza akimwamkia mteja wake, shehe mmoja mnene asiyependa kuguswa. Baba alimuuliza habari za nyumbani, za mashamba, za mkewe aliyesafiri, na muda wote huo utepe wake ulikuwa ukipita: bega, kifua, kiuno. Salamu zilipokwisha, vipimo vilikuwa vimekwisha. Shehe alishangaa kuambiwa aje Ijumaa kuchukua kanzu.

Kesho yake niliwapanga wanafunzi wawili wawili. Salamu imerudi, niliwaambia, lakini sasa inafanya kazi. Unaposema shikamoo, vidole vyako viko tayari kwenye mapigo ya mkono. Anapojibu marahaba, unasikiliza kama imetoka kwa pumzi moja au imekatika katikati. Anapouliza habari za wazazi wako, umeshabonyeza ukucha na unatazama rangi. Kisha unamwomba akubane mkono. Hali yake humuulizi kabisa, na akikuambia mwenyewe kwamba ni nzuri, unasema ahsante na unaliacha neno lipite. Marahaba ni pumzi, si habari. Hilo likawa neno letu; walilikariri hadi wapishi wa chuo wakalijua.

Siku ya zoezi la tatu Mkuu wa Chuo alifika Kwihara na jembe begani. Alilisimika karibu na alipolala Mzee Mihayo, aliyepewa ugonjwa ule ule wa tumbo, akasubiri. Nyamizi alipiga goti. Shikamoo, babu. Marahaba, mjukuu wangu, nyumbani hawajambo? Hawajambo, babu, nibane mkono. Mzee aliubana kwa ulegevu kama nilivyomfundisha. Kitambaa chekundu. Mzee akageuza kichwa.

"Umechelewa, mtani. Rudi na jembe lako Pwani, huku watu wamepona."

"Nitaliacha," alisema Mkuu wa Chuo. "Nakujua."

Jembe lilibaki Kwihara, na Mzee Mihayo akalimia nalo. Yeye na wenzake waliendelea kuwa majeruhi wetu kwa miaka mingi, darasa baada ya darasa, na walivyozoea ndivyo walivyokuwa wakali. Mwanafunzi akisahau hatua, maiti anamkumbusha. Nyamizi alihitimu, akapangiwa kituo kile kile cha Sikonge nilichokipenda.

Siku ya kweli ilitukuta huko huko. Nilikuwa nimekwenda kuwakagua wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Ilikuwa masika, alasiri, na lori lililobeba watu na mizigo kutoka mnadani liliteleza kwenye barabara ya udongo likalala ubavu. Halikuwa kwenye mwendo mkali, na Mungu alitusitiri. Watu walianza kufika kituoni kwa pikapu, kwa pikipiki, kwa baiskeli, wengine kwa miguu huku wamembeba kuku aliyenusurika. Asali ilikuwa imewamwagikia baadhi yao, na nyuki waliwafuata mpaka kwenye geti. Nyamizi aliwapanga wanafunzi langoni, na nikasikia salamu zikianza kupita safu nzima, shikamoo na marahaba, kwa sauti za kawaida, hakuna anayekimbia. Nilimkumbuka Metroni.

Katika pikapu ya pili alikuja mama mmoja mtu mzima kutoka Lusu, aliyekuwa safarini kumtembelea mwanawe. Alikuwa ameketi wima kati ya magunia ya karanga, anawapa pole wenzake. Mkononi mwake kulikuwa na kitambaa chekundu.

Gari la wagonjwa lilikuwa moja, na nafasi zake mnazijua. Mganga Mfawidhi, yaani daktari mkuu wa kituo, alikuwa kijana mwerevu na siku hiyo alifanya kazi ya watu wanne. Alimtazama yule mama akaniambia, "Mwalimu, huyu anaongea kuliko mimi. Mfungeni kijani, nafasi apate mwenye mguu uliovunjika."

Nyamizi alikwisha kuushika mkono wa mama. "Nani kamfunga hiki?" aliwauliza wanafunzi. Hakuna aliyekuwa amemgusa. Pikapu ndiyo kwanza ilikuwa inasimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mhola duhu," akasema mama, yaani salama tu, kwa Kisukuma cha kwao. Neno "marahaba" lilikatika mara mbili. Nyamizi alibonyeza ukucha, na sote watatu tukautazama. Ulibaki mweupe kama nta.

"Nibane mkono, mama."

"Nakubana," alisema mama kwa uchangamfu, na vidole vyake havikusogea.

Mganga Mfawidhi hakuhitaji kuambiwa zaidi. Alimpandisha mwenyewe. Hospitali ya mkoa walimfungua tumbo wakakuta damu imejaa upande wa bandama, na daktari wa upasuaji alimwambia Nyamizi kwa simu kwamba mama angechelewa kidogo tu, asingepona. Mwenye mguu alifuata kwa gari la mtu binafsi, analalamika njia nzima, na alipona vizuri. Kile kitambaa cheusi kimoja cha baba kilirudi mfukoni mwangu kama kilivyotoka.

Sasa nimestaafu. Asubuhi namwagilia mchicha, jioni nakaa pale pale barazani kwa baba, ambapo sasa anashona mdogo wangu. Wahitimu wananipigia simu kutoka mikoa mbalimbali. Huko Pwani na Kaskazini salamu ni nyingine, na kila mmoja amelazimika kutafuta "ila" ya watu wake iko wapi. Nafurahi kusikia wanaitafuta. Kadi za rangi siku hizi zipo, nzuri, za plastiki. Kazi yenyewe haijabadilika: ni kumheshimu mtu bila kumwamini anapokwambia hajambo.

Yule mama wa Lusu alikuja kunishukuru na kuku wawili. Nilimuuliza ni nani aliyemfunga kitambaa pale barabarani. Alisema macho yake yalijaa tope na hakumwona. Mtu alimwamkia vizuri, akamshika ukucha, akaomba abanwe mkono, akaondoka kwenda kwa mwingine. Sauti? Ya mtu tu.

Kitambaa chenyewe ninacho. Hospitali walikikata kwa mkasi upande wa pili, kwa hiyo fundo lilibaki zima, na Nyamizi aliniletea. Si cha kwetu. Kimechanwa kwenye kanga, hakina pindo. Na wauguzi wetu tunawafundisha fundo bapa la bandeji; hili ni lile la tumbaku. Mkwe wa Mzee Mihayo analima tumbaku Sikonge, na mzee huenda kumsaidia kila msimu. Nilimwendea Kwihara nikamuuliza waziwazi kama siku ile alikuwa kwenye njia ile.

"Mwalimu," alisema, "mimi nilikufa zamani, na aliyenithibitisha ni mtani. Maiti anafungaje kitambaa?"

Akaniuliza kama nitakunywa chai. Wenzake waliocheza majeruhi miaka yote ile nao niliwauliza, mmoja mmoja, na wote walisema hali zao ni nzuri tu. Nikivuta ncha moja, fundo litaachia. Sijaivuta, na aliyelifunga hajasema.